Kicheko kikiisha, kunabaki nini?

Baba yangu mdogo alikuwa fundi baiskeli mjini Tabora, na wateja wake wote walimjua kwa neno moja: kesho. Ukimpelekea baiskeli iliyopinda rimu, njoo kesho. Ukirudi siku ya pili yake, anakutazama kana kwamba ndiyo kwanza mnaonana, anafuta mikono kwa tambara lenye grisi, anakwambia tena njoo kesho. Hakuwa mvivu. Kazi zilimzidi, na katika maisha yake yote hakujifunza kumwambia mtu hapana.

Siku ya kumzika, jeneza likiwa limewekwa uani chini ya mwembe, watani wakafika. Sisi Wanyamwezi tunataniana na Wazaramo, utani wa tangu enzi za misafara ya pembe kwenda Bagamoyo na kurudi. Mama mmoja wa Kizaramo aliyeolewa mtaani kwetu akapita moja kwa moja hadi chumbani, akatoka amevaa ovaroli ya marehemu inayoburuza chini, spana mkononi. Akachuchumaa kando ya jeneza, mgongo ameupinda vilevile alivyoupinda mwenyewe. Kila aliyesogea kutoa heshima za mwisho alinyooshewa spana bila kutazamwa usoni: "Njoo kesho."

Watu walicheka. Wazee walishika mbavu. Shangazi zangu waliokuwa wakilia tangu usiku walicheka na machozi yaleyale yakiwa bado mashavuni. Kisha, mara ya nne au ya tano, kicheko kikageuka. Neno lilikuwa lilelile na sauti ileile, ila sasa kila mtu uani pale alikuwa amelisikia sawasawa. Kesho haipo. Hata yule mama alikuwa analia, spana bado ameishika.

Tukio lile halijanitoka, na kila ninapotaka kusema jambo kuhusu ucheshi narudi kwalo. Ovaroli kubwa inachekesha. Kumuigiza mtu anavyochuchumaa kunachekesha. Lakini chini ya hayo palikuwa na mtu aliyefahamika vizuri, na udhaifu wake uliotajwa bila chuki, na kifo chenyewe, vyote vimebebwa na maneno mawili ambayo kila mteja wake aliwahi kuambiwa. Mtu angeweza kuvaa ile ovaroli akakata mauno kuzunguka jeneza, na watu wangecheka pia. Wangekwenda nyumbani mikono mitupu.

Hoja yangu ni hiyo. Kichekesho, kiwe cha mdomo au cha kalamu, nakipima kwa kinachobaki baada ya kicheko. Na ninaandika kwa sababu naona katika vibonzo vyetu, na zaidi katika klipu za vichekesho tunazotumiana usiku na mchana, kicheko kinazidi kuongezeka na kinachobaki kinazidi kupungua, na sisi wasomaji na watazamaji tumeanza kuzoea.

Kusoma vibonzo nilijifunzia kwa kinyozi. Palikuwa na rundo la majarida ya Sani kwenye benchi la kusubiria, kona zimelika, kurasa za katikati zimepotea, na sisi watoto tulikuwa tunawapisha watu wazima kwenye foleni kwa makusudi ili tusinyolewe haraka. Tulimjua Lodi Lofa, tulimjua Ndumilakuwili, wahusika waliotoka katika kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa bado kijana katika miaka ya 1980. Wakati ule sikujua kwamba majina yenyewe yalikuwa yanafanya nusu ya kazi. Ndumilakuwili ni nyoka anayesemwa ana vichwa viwili, na ni mtu anayekula huku na huku. Ukishampa mhusika jina hilo, kila anachokifanya katika kisanduku cha pili tayari unakitilia shaka katika kisanduku cha kwanza. Lofa ni mtu asiye na kitu. Kijana asiye na kitu katika mji unaodai kila kitu, ndiyo hadithi ya nusu ya waliokuwa wamekaa kwenye lile benchi.

Kabla ya hapo palikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, ambaye jina lake wazee bado wanalitumia kumtania mtu. Kenya, wasomaji wa Taifa Leo waliishi kwa miongo na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Jina hilo nalo nalipenda mno. Juha kwa Kiswahili ni mjinga, lakini katika hadithi za Waarabu Juha ni yule mjinga ambaye mwishoni unagundua kuwa wajinga walikuwa wengine. Na kalulu, kwa lugha kadhaa za kusini mwetu, ni sungura, mjanja wa hadithi zote. Mjinga na mjanja katika mwili mmoja. Mchoraji aliyechagua jina hilo alijua anachokitafuta kabla hajachora hata pua.

Tuna pia kisa cha Abunuwasi na sufuria, ambacho kila aliyesoma shule ya msingi anakijua. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, anasema imezaa. Jirani anapokea vyote viwili bila kuuliza. Safari ya pili Abunuwasi anaazima, harudishi, anasema imekufa. Jirani anakuja juu: sufuria hufaje? Mtoto anacheka kwa sababu sufuria haifi. Mtu mzima anacheka kwa sababu anaikumbuka siku aliyokubali kisufuria chake mwenyewe, faida asiyoitolea jasho, na akanyamaza. Mchora katuni mzuri hahitaji kisa chote. Anahitaji uso wa jirani pale mlangoni tu, mdomo wazi, huku kile kisufuria cha bure akiwa amekificha nyuma ya mgongo.

Nina kipimo changu ninachokitumia kila asubuhi ninapofungua gazeti. Nafunika maneno ya kibonzo kwa kidole gumba. Kama baada ya kufunika bado kuna jambo linaendelea pale, mchoraji amefanya kazi. Kama bila maneno naona tu watu wawili wamesimama wanaongea, basi niliyekuwa namsoma ni mwandishi wa utani aliyepambiwa kwa picha. Na ugonjwa mkubwa zaidi, ambao naukuta kila wiki, ni ule wa vibandiko. Jitu lenye tumbo, juu ya tumbo limeandikwa UFISADI. Ng'ombe aliyekonda ameandikwa MWANANCHI. Mto umeandikwa CHANGAMOTO, daraja limeandikwa BAJETI, na mtu anayeanguka mtoni ameandikwa UCHUMI. Msomaji hachekeshwi pale, anasomeshwa. Mchoraji hakuiamini picha yake, na zaidi ya hapo hakumwamini msomaji.

Sisemi maneno hayana nafasi. Kipanya wa Ali Masoud, yule panya mdogo ambaye mchoraji wake mwenyewe ameishia kuitwa Masoud Kipanya, anasema, na anasema vizuri. Lakini tazama ni nani anayesema. Panya ndani ya nyumba anaona yote na hakuna anayemuuliza chochote. Anapita chini ya meza ambayo juu yake mambo yanaamuliwa. Udogo wake ni hoja kabla hajafungua mdomo, na ndiyo maana neno lake moja linatosha pale ambapo mhariri angeandika safu nzima.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika eneo letu ni wa Godfrey Mwampembwa, Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyevuka mpaka mwaka 1992 kwenda kuchorea magazeti ya Nation mjini Nairobi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100, Uhuru Kenyatta na William Ruto walifunguliwa mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kule The Hague. Mwaka 2013 wakachaguliwa kuwa rais na naibu wa rais, kesi zikiwa bado zinaendelea. Gado akawachora wote wawili wakiwa na tufe la chuma lililofungwa kwa mnyororo kwenye kifundo cha mguu.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo na limefanya mengi. Tufe lile halikuwa na kibandiko. Na halikuwa lazima liwe ndiyo habari ya siku. Kiongozi anahutubia, anatabasamu, anapunga mkono kama viongozi wote wanavyochorwa, na chini kule, kando ya kiatu kilichong'arishwa, mnyororo. Jicho lako linaanzia juu kwenye uso kwa sababu macho yetu huanzia usoni. Linashuka taratibu. Likifika kwenye tufe, kila ulichokiona juu kinabadilika maana. Lile tabasamu unalisoma upya, na ule mkono unaopunga nao unausoma upya. Kibonzo kimekufanya ukitazame mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ndipo wazo lilipozaliwa, tena limezaliwa kichwani mwako.

Wapo waliolalamika kwamba mnyororo ni wa mfungwa, na wale hawakuwa wamehukumiwa. Mashtaka ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya Ruto ikakomeshwa Aprili 2016. Lalamiko hilo naliheshimu. Haki ya mtu asiyehukumiwa si kitu cha kuchezea hata kwa kalamu. Lakini nikiutazama mchoro, naona umechora kesi, haukuchora hukumu. Umechora uzito wa kuongoza nchi huku kila hatua unayopiga ina jambo linaloburuzwa nyuma yako, na nchi yenyewe inasubiri uvute. Unaweza kunipinga. Ukinipinga, tutakuwa tunabishana juu ya sheria, dhamana na uongozi, miaka zaidi ya kumi baadaye, kwa sababu ya duara moja jeusi na pingili chache za mnyororo. Ni hotuba ngapi za bunge za mwaka ule zinaweza kudai hivyo?

Mapema mwaka 2016, baada ya zaidi ya miaka 20, mkataba wa Gado na Nation haukuongezwa.

Ujanja wa kumpa mtu kitu cha kubeba si wa kwetu peke yetu. Ufaransa, mwaka 1831, Charles Philipon alisimama mahakamani kwa kosa la kumkashifu Mfalme Louis-Philippe, akawachorea majaji sura ya mfalme hatua kwa hatua mpaka ikawa pea, lile tunda. Akauliza kama ni kosa lake kwamba pea inafanana na mfalme. Alifungwa. Pea ikabaki kwenye kuta za Paris.

Lakini kama kuna mchoro mmoja ambao ningetaka kila kijana anayeshika kalamu nchini kwetu auone, ni Handala. Naji al-Ali alikuwa Mpalestina wa kijiji cha al-Shajara, Galilaya. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 10 hivi, familia yake ilikimbilia Lebanoni, akakulia kambi ya Ain al-Hilweh. Mwaka 1969, akifanya kazi Kuwait, alimchora mtoto wa miaka 10, miguu peku, nguo zina viraka, nywele chache zimesimama kama miiba. Jina alilipata kwa mmea mchungu wa jangwani ambao ukikatwa huota tena. Kuanzia mwaka 1973 hivi mtoto huyo aligeuza mgongo, akafunga mikono nyuma, na hakugeuka tena.

Mara nyingi Handala hafanyi kitu. Hasemi utani, hapigwi teke, haanguki. Katika vibonzo elfu kadhaa amesimama tu kwenye kona anatazama: wafalme wanakula, wanajeshi wanapita, mama anashika ufunguo wa nyumba isiyokuwepo. Kwa kuwa amekupa mgongo, wewe msomaji unajikuta umesimama nyuma yake, unaangalia anachoangalia, kwa kimo cha mtoto. Naji al-Ali alisema mtoto huyo atakua siku atakaporudi kwao. Tarehe 22 Julai 1987 mchoraji alipigwa risasi barabarani London, akafariki Agosti 29. Handala bado ana miaka 10. Unamkuta ukutani Beirut, kwenye mikufu, kwenye fulana za vijana ambao hawajawahi kushika gazeti lililomchapa. Na wapi kichekesho? Kipo, mara nyingi kikali, katika wale matajiri wenye matumbo na vichwa visivyo na shingo. Unacheka kwanza, halafu unakumbuka kwamba kuna mtoto anatazama.

Nikitoka hapo nikafungua simu yangu, nakutana na kitu kingine. Klipu ya mtu mwenye kigugumizi anayelazimishwa kutaja jina refu. Mama mnene anakalia kiti cha plastiki, kiti kinavunjika, sauti ya kicheko imebandikwa juu. Mchekeshaji kajipaka masizi na kuongea lafudhi ya kabila fulani, na kabila hilo katika klipu zote ni washamba, au wachawi, au wapenda pesa. Kibonzo cha mke anayemsubiri mume na mwiko mlangoni, kilekile tulichokiona kwa kinyozi miaka 30 iliyopita, mwiko umebadilishwa tu umekuwa simu. Wahenga walishasema mcheka kilema hafi bila kumfika, lakini mimi sitaki kuishia kwenye kuogopa laana. Nina lalamiko la kiufundi: vichekesho hivi havina pa kwenda. Mwili wa mtu si tendo lake. Mtu mnene hakufanya jambo la kuwa mnene mbele yako ili ulichambue. Ukishacheka, huna la kufikiri, kwa sababu hapakuwa na uamuzi, hapakuwa na tamaa, hapakuwa na uongo uliofichuka. Kulikuwa na kiti tu.

Kuna watu wananijibu kwamba utani wetu wa asili nao ulikuwa mkali, unataja hata sura na miguu, mbona huo nausifia. Ni kweli, watani hawana simile. Lakini yule mama wa Kizaramo aliyemuigiza baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa amechota maji tangu alfajiri, ndiye aliyeosha masufuria ya wageni baada ya mazishi, na kwenye arobaini alikuwepo tena jikoni. Mtani ana wajibu, na siku moja zamu yake itafika, nasi tutakwenda kumuigiza yeye. Ukali wake unatoka ndani ya ukaribu. Anayemrekodi mtu asiyemjua akiteleza kwenye tope, akamsambaza kwa watu wasiomjua, hana wajibu wowote kwake, na hata jina lake halijui. Amechukua ulimi wa mtani akaacha ndoo na masufuria.

Wala nisieleweke kwamba kila kichekesho kibebe msiba wa taifa. Mbuzi akipiga chafya nami nacheka. Kina sikifananishi na huzuni, wala siasa. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa na uwezo wa kutoa macho tu ukumbi ukaanguka, na hapakuwa na hotuba yoyote ndani yake. Palikuwa na uso wa mtu aliyebanwa na uongo wake mwenyewe, na uso huo kila mmoja wetu ameuvaa siku moja mbele ya mke, mdai au mwalimu. Kibonzo cha mume na mke wanaogombea rimoti ya televisheni kinaweza kuwa na kina kuliko kibonzo cha rais, iwapo mchoraji ameona kwamba televisheni yenyewe haina umeme.

Wala kina si kuficha. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua, lakini fumbo lisilo na mlango hata mwerevu analiacha. Nimeona vijana wakichora vitu ambavyo vinahitaji aya mbili za maelezo chini yake, kisha wanalaumu wasomaji kwa kutofikiri. Tufe la Gado hata asiyejua kusoma aliliona. Kwanza mlango, tena mpana, mtu aingie akicheka, halafu ndani akute vyumba.

Kwa nini basi vibonzo vya namna hii vimepungua? Nimewahi kukaa na wachoraji, na wanachosema wote kinafanana. Mchoraji wa kawaida hana ajira, analipwa kwa kibonzo. Saa tisa alasiri anapigiwa simu, anaambiwa habari kubwa ya kesho ni fulani, tuletee kitu saa kumi na moja. Kinachotoka hapo ni kichwa cha habari kilichochorwa, si maoni. Mafuta yamepanda bei: chora pampu ya mafuta yenye mabawa inapaa. Kesho yake sukari imepanda: chora kifuko cha sukari chenye mabawa. Kuchora uso siyo kazi ngumu. Mkono uliozoea unamaliza uso kwa dakika chache. Kazi ngumu ni ile ya kabla ya uso: kuisoma bajeti yenyewe, kwenda sokoni kusikia muuza nyanya anaiitaje, kuchora mawazo kumi na kuyatupa tisa. Saa hizo hakuna anayezilipia. Mitandao nayo inahesabu waliogusa, haihesabu waliorudi kutazama tena, na mhariri anaona hesabu ileile anayoiona muuza matangazo.

Na pana hofu, tusiizunguke. Tanzania tulipata Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, kisha kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zilizoandikwa upya mwaka 2020, na mchoraji mwenye familia anayajua maneno yaliyomo humo kuliko wakili. Hofu inazaa vitu viwili. Kwa wengi inazaa mke na mwiko, kwa sababu mke na mwiko havipeleki mtu polisi. Kwa wachache inazaa ubunifu wa hali ya juu.

Mwaka 2024 Kenya, baada ya maandamano ya vijana ya katikati ya mwaka, kijana Gideon Kibet, anayejulikana mtandaoni kwa jina la Kibet Bull, alianza kusambaza picha za kivuli. Umbo jeusi tupu juu ya rangi moja, kama mtu aliyesimama mbele ya dirisha jua likizama. Hakuna macho, hakuna mdomo, hakuna kibandiko. Na nchi nzima ilijua ni Rais Ruto. Nadhani nguvu ya vivuli vile ilikuwa palepale panapokosekana: mchoraji hakusema ni nani, aliyesema ni wewe ulipomtambua. Ukicheka, umekiri. Ilipofika Desemba 24 mwaka huo Kibet alitoweka, na ndugu yake naye alitoweka siku zilezile. Polisi walikana kuhusika. Alionekana tena mwanzoni mwa Januari 2025. Sikumbuki katika miaka ya karibuni kibonzo chenye wino mdogo kiasi kile kilichogharimu namna ile, na nikiwasikia watu wakisema vibonzo ni mambo ya kupitisha muda, nawaza zile siku 13 za familia yake.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, Kimara, na anachora. Mwezi uliopita alinionyesha kibonzo alichotaka kukibandika kwenye ubao wa klabu ya shule. Foleni ya ndoo bombani, kama foleni zote za kwetu, ndoo zimepangwa na wenyewe hawapo, wameziacha ziwasubirie. Mbele kabisa bomba kavu, na juu ya bomba ameandika kwa herufi kubwa SERIKALI. Juu ya ndoo, WANANCHI. Nikamwekea kidole gumba juu ya maneno, kwanza hapa, halafu pale.

"Sasa unaona nini?"

"Bomba na ndoo tu, mjomba."

"Basi futa maneno, uone utafanyaje."

Alinuna. Akasema akifuta watu hawatajua anamsema nani. Nikamwambia atafute njia, nikaenda kunywa chai. Nilipokunywa kikombe cha pili alirudi na karatasi imechakaa kwa kufutwa. Maneno hayakuwepo. Bomba alikuwa amelifunga tai, tai nzuri ya mistari, fundo limekaa sawasawa kabisa chini ya mdomo mkavu. Na kwenye ndoo ya mwisho kwenye foleni buibui alikuwa ameshajenga utando kutoka mkono hadi ukingo.

Nilicheka kwa ile tai. Mama yangu, bibi yake, akauliza tunachekea nini, akaletewa karatasi na miwani. Naye akacheka kwa ile tai. Halafu akaisogeza karatasi karibu zaidi, akapitisha kidole juu ya zile ndoo moja baada ya nyingine mpaka kwenye utando, akakaa kimya kidogo.

"Na ya kwangu," akamuuliza mjukuu wake, "ni ipi hapa?"